Kamba ya Nyumbu Ilipokatika

Nyumba za Walimu, mlango wa chini,
Mtaa wa Daraja la Magharibi,
Tianshui, Gansu.
17 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Zhenyu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Shurong na mtoto wenu Yanbo. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unasimama jikoni tangu asubuhi, na ukishakaa unashindwa kuinuka. Jifunge ule mkanda wa sufu niliokupelekea, usiuache kabatini. Huko Budapest baridi imeshaingia? Huku imeingia. Mvuke wa kupasha nyumba wameufungulia, lakini mabomba ya upande wetu yanapata vuguvugu tu kama miaka yote, kwa hiyo nimewasha na jiko la makaa.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Watu wakiuliza hali yangu nawaambia hivyo hivyo, nao wananitazama kana kwamba nimewaficha kitu. Sijawaficha. Ndivyo ilivyo.

Barua hii anakuletea kijana wa Hao wa duka la viatu, anakuja huko kwa mjomba wake. Kwenye mfuko nimetia pilipili yetu ile ya kutia ganzi ulimi, na matufaha niliyoyakausha mwenyewe. Ningeweza kukupigia simu, najua. Lakini nikiuona uso wako kwenye simu mimi nanyamaza, wewe unaanza kulia, Shurong anakuja kukuondoa, na tunaachana hatujasema neno. Ndiyo maana naandika.

Kwanza kuhusu mama, kwa sababu uliniuliza nami sikukujibu. Hakuteseka. Alikula bakuli lake la tambi mchana, akalalamika kwamba siki imezidi, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nilipomwita asijibu nilijua. Nilimaliza kuosha ile sufuria, nikaifuta, nikaitundika. Kisha nikaenda nikamfunika miguu. Sijui kwa nini miguu.

Mazishi uliyaona kidogo, mkwe wa dada yako Lanting alipokushikia simu pale kaburini. Ulichokiona ni mgongo wangu na nguo nyeupe za msiba. Usichokiona ni watu waliojaa mlima mzima. Wanafunzi wa mama wa chekechea, wengine wana mvi sasa, wamekuja na wajukuu. Tulimlaza pembeni ya baba kama alivyotaka, akiangalia mto.

Mimi sikulia. Lanting alilia mpaka akakaukiwa sauti. Mama mdogo Caifeng alilia kwa utaratibu, analia, anapumzika, anatazama kama chai imeandaliwa, anarudi kulia. Akanisogelea akanifinya mkono.

"Suhe, toa machozi. Watu wanatazama."

"Hayaji, Mama mdogo."

"Basi inama ufiche uso. Mtu akiinama nani anajua?"

Nikainama. Nilikuwa naangalia viatu vyake, vilikuwa vimepakaa udongo mwekundu, nikawa nawaza nitavisafisha kwa kitu gani. Hayo ndiyo niliyoyawaza kwenye kaburi la mama yangu.

Sasa nakuja kwenye lile ulilolisema siku ile. Ulikuwa unalia na maneno yanakatika, lakini nilikusikia. Ulisema, "Mama mwenyewe ndiye aliyenituma niende. Tangu nikiwa mdogo alikuwa ananiambia nyumbu aliondoka. Asingeniambia vile, leo ningekuwa hapo." Mimi nikakujibu, "Nyumbu hakuondoka." Ukasema, "Aliondoka, dada." Simu ikakatika.

Hilo neno lilibaki nami. Watu wakija kunipa pole, nawatazama midomo inavyocheza, kichwani mwangu ni nyumbu tu.

Hadithi niliyoijua mimi ni hii. Palikuwa na nyumbu jike, mama yake farasi na baba yake punda, aliyekuwa akizungusha jiwe la kusagia katika bonde la wanyama. Sungura alileta mtama wake, kwale alileta ulezi, kindi alileta karanga. Hata mbweha, ambaye hali unga, alileta mashudu kidogo ili naye aonekane ana shughuli kinuni. Nyumbu alisaga. Sungura akimwuliza, "Nyumbu, umechoka?" anajibu, "Nikichoka nitakuambia." Na hakumwambia hata siku moja. Kisha asubuhi moja kamba yake, iliyokuwa imelika miaka na miaka, ikakatika yenyewe. Hakuna aliyeikata. Jiwe likasimama na nyumbu akasimama. Akaitazama njia ya mlimani, akalitazama jiwe, akaiokota kamba kwa meno, akaendelea kuzunguka, ili sungura akija asijue kwamba ilikatika.

Hiyo ndiyo yangu. Nimeishi nayo miaka hamsini na tatu nikidhani ni ya dunia nzima.

Matanga ya juma la tatu tulipomaliza kumchomea mama karatasi za pesa za wafu, nilibaki jikoni na Lanting tukiosha vyombo. Nikamwambia ulichosema. Hata hakuacha kusugua sahani.

"Zhenyu amechanganya," akasema. "Nyumbu hakuondoka."

"Ndivyo nilivyomwambia. Aliokota kamba."

Hapo akanigeukia. "Aliokota kamba ya nini? Aliwaita wanyama wote akawapangia zamu. Sungura azunguke kidogo, kindi kidogo, mbweha kidogo. Mbweha akasingizia mguu, nyumbu akamwambia, kiwete naye anakula, kwa hiyo kiwete naye anasaga."

"Mama hajawahi kusema hivyo."

"Kwako hakusema. Mimi aliniambia nimekaa mapajani pake, tena mara nyingi."

"Basi mmoja wetu alidanganywa."

"Wewe ndiye uliyedanganywa, dada," akasema, na akacheka kidogo, kile kicheko chake cha mtu aliyefanya hesabu za watu maisha yake yote. "Ndiyo maana umezeekea hapa. Umebana kamba kwa meno, hata kuongea huwezi. Mtu akikwambia kitu unajibu kwa pua."

Sikukasirika. Nilijaribu kuona kama nimekasirika, nikaona sijakasirika. Nikaendelea kufuta vijiko.

Na hapo hapo, mikono ina povu bado, akaniambia yaliyomleta. Binti yake amejifungua mtoto wa pili. Yule mkubwa, Xiaoman, yuko chekechea na hakuna wa kumpeleka na kumrudisha. Mama mkwe wa binti ana kisukari, hawezi. "Sasa mama ametangulia, wewe huna kinachokushika hapa. Njoo Xi'an. Chumba kipo, kina dirisha. Matanga yakimalizika nakuja kukuchukua mwenyewe."

Nikasema, "Haya."

Nataka uelewe lile haya lilivyotoka, Zhenyu. Sikupima wala sikukubali. Lilitoka kama mtu anavyopiga chafya. Lanting akafurahi, akakausha mikono, akaenda kumpigia binti yake.

Baada ya Lanting kurudi Xi'an nilibaki peke yangu humu ndani, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile cha hadithi. Mama alitusimulia watoto wake watatu hadithi moja kwa miisho mitatu. Mimi aliniambia nibaki. Lanting alimwambia agawe. Wewe alikwambia uende. Na kila mmoja wetu akafanya. Nilikaa kwenye kitanda nikisema, alitupanga kama anavyopanga viti vya chekechea, hiki hapa, hiki pale. Nilingoja uchungu uje. Ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa unajua ni wako, lakini hausikii.

Unamkumbuka Ge Wenliang? Yule kinyozi wa karibu na daraja, aliyekuwa anakunyoa bure kwa sababu mama alimfundisha chekechea. Alikuja siku moja na mikate ya mvuke, bado ya moto, ameifunga kwa taulo la kinyozi lakini lilikuwa safi. Akainama mbele ya picha ya mama, akawasha udi, akakaa. Tukala mkate. Nikaona nimwulize.

"Wenliang, mama aliwasimulia nyumbu wa kinuni?"

"Asitusimulie? Kila mwaka."

"Nyumbu alifanya nini kamba ilipokatika?"

"Ninyi wa nyumbani ndio mnaniuliza mimi?" Akajifuta makombo mdomoni. "Mama yenu, Mwalimu Dou, hakusema. Alikuwa anafika pale, kamba imekatika, jiwe limesimama, ananyamaza. Anatutazama mmoja mmoja. Kisha anauliza, haya, nyumbu anafanya nini? Kila mtoto anasema lake. Mimi nilisema nyumbu anamla sungura."

"Ukasema hivyo?"

"Nilikuwa na njaa, dada Suhe. Ilikuwa miaka ile. Akaniambia, nyumbu hali nyama, Wenliang, fikiri tena. Nikafikiri, nikasema basi anamla kwale." Akatikisa kichwa. "Hakunicheka. Alipoisimulia tena akifika kwangu anasema, na kwa Wenliang, nyumbu alikuwa na njaa sana. Alikumbuka jibu la kila mtu. Nilikutana naye sokoni mwaka juzi, nina wajukuu wawili, akaniambia, Wenliang, siku hizi nyumbu wako anashiba?"

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema niulize mtu yeyote aliyepita mikononi mwake.

Alipoondoka sikuweza kukaa. Nilivaa koti nikavuka daraja mpaka kwa Mama mdogo Caifeng. Nilimkuta kwenye karata na wenzake watatu, ganda la mbegu ya alizeti mdomoni. Aliponiona alidhani nimekuja kulia hatimaye, akawaambia wenzake wasimame. Nikamwambia wakae, nina swali moja tu. Nikauliza mbele yao.

"Mwisho wa nyumbu wangu, nani aliusema, mimi au mama?"

Akaweka karata zake kifudifudi mezani.

"Wewe," akasema. "Nilikuwepo. Ulikuwa na miaka mitano, umevaa kile kikoti cha pamba cha maua. Dada yangu alipofika kwenye kamba ulianza kutetemeka. Ukasema, aishike kwa meno, aishike, sungura asijue. Lanting zamani zake alisema wapeane zamu. Zhenyu alisema, anaondoka, na hakugeuka nyuma. Mama yenu alicheka siku nzima kwa lile la kutogeuka. Aliwasimulia hata wauza mboga."

"Na kuhusu langu alisema nini?"

"Langu na lako ni nini sasa, mtoto huyu. Mtu amekufa."

"Mama mdogo, alisema nini?"

Aliwatazama wenzake kwanza. Kisha akasema polepole, "Hakulipenda. Alisema, mtoto wa miaka mitano haifai awe na jibu la namna hii. Lakini hakutaka kukupa jingine. Alisema akikupa, litakuwa lake. Kwa hiyo alikuwa anakuuliza tena. Alikuwa anasubiri ubadilishe."

Nilirudi kwa miguu, njia ya mto. Nitakueleza nilichokumbuka, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza.

Mama aliponisimulia ile hadithi, akifika pale kwenye kamba alikuwa ananyamaza. Kila mara. Mimi nilidhani anapumzisha koo. Nilikuwa namsogezea kikombe cha chai. Na ili asipate tabu, nilikuwa namalizia mimi mwenyewe, naye ananisikiliza mpaka mwisho, anakunywa ile chai.

Nilipofaulu kuingia chuo cha reli Lanzhou, baba alikuwa amezikwa majira yale yale, Lanting yuko shuleni na wewe hujui hata kufunga viatu. Sote tulijua sitakwenda, na nadhani hata karatasi ya chuo ilijua. Mama hakusema nenda wala hakusema baki. Alikuwa anamenya viazi. Akaniambia, mimi mwanamke mzima, kaa nikusimulie nyumbu. Nikaona huzuni ya baba imemvuruga. Nikakaa ili nimridhishe. Akasimulia, akafika kwenye kamba, akanyamaza, kisu kimesimama kwenye kiazi. Nikammalizia. Akasema, "Sawa," akaendelea kumenya.

Na mwaka huu wa mwisho, alipoanza kusahau hata majina yetu, ile hadithi hakuisahau. Aliisimulia akiwa kitandani, akiwa bafuni ninapomwosha mgongo. Akifika kwenye kamba ananyamaza na kunitazama, macho yale meupe. Mimi nikasema moyoni, maskini, mwisho umemtoka. Nikawa namkumbusha. "Anaiokota kwa meno, mama." Na yeye anageuza uso ukutani.

Alikuwa ananiuliza, Zhenyu. Mpaka majira haya ya vuli alikuwa bado ananiuliza.

Nilisimama pale kando ya mto nikijua kwamba hapa ndipo pa kulia. Nilijitayarisha kabisa, nikatoa leso. Hakuna kilichokuja. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza ndege wake kwenye tundu aliniuliza kama nimedondosha kitu majini. Nikamwambia hapana. Nikarudisha leso mfukoni.

Juma la tano Lanting alikuja, amemleta na Xiaoman kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Ana miaka mitano na nusu, meno mawili ya mbele hayapo, na ananiita Bibi Mkubwa. Tulikwenda kaburini, tukachoma karatasi, tukarudi. Lanting alianza kukunja nguo zangu na kuzitia kwenye sanduku bila kuniuliza ipi na ipi. Mtoto akawa anachosha watu, anapanda kiti cha mama, anashuka. Nikamchukua nikakaa naye karibu na jiko la makaa.

"Bibi Mkubwa, sema kitu."

"Kitu gani?"

"Cha wanyama wanaoongea. Wasioongea sitaki."

Nikamsimulia nyumbu. Nilimpa sungura sauti aliyompa mama, ile ya puani, na mbweha na mashudu yake. Alicheka kwenye mashudu. Nikafika kwenye kamba. Ikakatika, jiwe likasimama, nyumbu akasimama. Na mimi nikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa maana mdomo ulishazoea, ulitaka kwenda mbele wenyewe. Chumba cha pili nikasikia Lanting ameacha kukunja.

"Haya," nikamwuliza, "nyumbu anafanya nini?"

Xiaoman hakufikiri hata kidogo. "Anakwenda kukojoa."

"Kukojoa?"

"Si alikuwa amefungwa siku zote? Lazima alibanwa."

"Halafu?"

"Halafu anakula. Halafu analala, chini kabisa, miguu juu hivi." Akalala sakafuni kunionyesha.

"Na sungura je? Ana mtama wake, anasubiri."

"Asubiri. Nyumbu amelala, haoni?"

"Akiamka anakwenda wapi? Mlimani, au anarudi kwenye jiwe?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga ambaye hata hivyo anampenda. "Bibi Mkubwa, si nimekuambia amelala? Kesho ndiyo anaamua."

Sikucheka na sikulia. Lakini nilisikia joto la jiko kwenye magoti. Lilikuwepo muda wote, nami nilikuwa sijalisikia.

Tulipokaa kula, Lanting akaniambia, "Nakukatia tiketi ya Jumatatu, tuondoke pamoja."

"Usikate."

"Jumanne basi."

"Usikate ya siku yoyote."

Akaweka vijiti vyake chini. "Dada, ulisema haya."

"Nilisema."

"Sasa unasema huji?"

"Sijasema siji."

"Basi unasema nini?"

"Nasema sijui. Nataka nikae kwanza."

"Ukae ufanye nini? Humu ndani kuna nani?" Sauti ilikuwa imepanda, na Xiaoman akawa anatutazama huku na huku. "Binti yangu halali, ana kichanga na huyu. Nimemwambia unakuja. Nimemwambia, Zhenyu hayupo, mimi mgongo unaniuma, lakini dada yangu yupo, dada yangu hajawahi kukataa."

"Ni kweli, sijawahi," nikasema.

Nilimaliza bakuli langu, nikaongeza la pili, nikalimaliza nalo. Nilikuwa na njaa, kumbe.

Jumatatu niliwasindikiza stesheni. Lanting hakuniongelesha njia nzima. Alipokwisha kumpandisha mtoto na mizigo alirudi mlangoni mwa behewa, akabaki ameshika chuma cha mlango.

"Nilikuwa nasikia ulivyomwuliza," akasema. "Hata mimi aliniuliza hivyo?"

"Wote alituuliza. Ya zamu ulisema wewe."

Akatazama chini kwenye reli. "Nilidhani ananifundisha."

"Hata mimi."

Behewa likaanza kusogea. Akasema jambo ambalo sikulitarajia kwake, na hakunitazama alipolisema. "Kama ni zamu, yako ulishaimaliza siku nyingi. Nitatafuta mtu." Akaingia ndani.

Haya ndiyo ninayotaka uyajue, mdogo wangu. Mama hakukufukuza. Uliposema nyumbu aliondoka bila kugeuka, ulikuwa mtoto, na ulisema lako. Yeye alilipokea akalicheka na akakuachia. Siku ulipopanda treni kwenda zako, mimi nililia na Lanting alilia, yeye alisimama pale akipunga mkono, na uliponiuliza baadaye kwa nini hakulia sikuwa na jibu. Nadhani hakuona ajabu. Ulikuwa umeshamwambia. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuwepo kaburini, na usimlaumu yeye pia. Hakuna aliyemtuma mwenzake.

Mimi bado sijalia. Mama mdogo anasema itakuja ghafla nikiwa sokoni na itakuwa aibu. Labda. Sanduku alilolifunga Lanting nililifungua, nguo nikazirudisha kabatini. Nimelala sana siku hizi, mpaka mchana. Jana nilitembea mpaka stesheni peke yangu, nikasimama mbele ya ubao wa safari, nikasoma majina ya miji yote kuanzia juu hadi chini, Lanzhou nayo ikiwemo. Hakuna ulionivuta na hakuna ulionitisha. Nikarudi nyumbani nikapika viazi. Ukinipigia usiniulize nimeamua nini. Ile kesho ya Xiaoman haijafika, na safari hii hakuna anayenihimiza.

Ukimsimulia Yanbo nyumbu, na najua unamsimulia, ukifika kwenye kamba nyamaza. Usimpe lako. Mwache aseme lake, ulikumbuke. Na kama jibu lake litakutia hofu, usimsahihishe. Mwaka ujao mwulize tena.

Nisalimie Shurong, mwambie matufaha ayaloweke kwenye maji ya moto kabla ya kula, si baridi. Msalimie Yanbo, mwambie shangazi yake anauliza urefu wake umefika wapi. Mama mdogo Caifeng anakusalimu na anasema umpelekee picha, si ya simu, ya karatasi. Wenliang kinyozi anakusalimu. Lanting hakuagiza salamu, lakini ukimpigia atafurahi.

Uzima uwe nanyi nyumba nzima, na kazi ya mikono yako isikuvunje mgongo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekufunga viatu ukiwa mdogo,

Suhe